Jiwe Halijipandishi Lenyewe: Kazi ya Pamoja Ndani ya Loji ya Frimasoni

Hotuba iliyotolewa Dar es Salaam mbele ya wageni na familia za wanaloji

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, ndugu zangu wa loji, wake zetu na watoto wetu, majirani na wageni wote mlioitikia mwaliko wa jioni hii, nawasalimu kwa heshima.

Nimepewa jambo moja la kuzungumza, nalo ni nafasi ya ushirikiano katika Frimasoni, udugu wa watu wanaojiita waashi huru, ambao hukutana katika vikundi vinavyoitwa loji. Naomba niliingie kwa mlango ninaoujua kuliko mwingine wowote. Baba yangu alikuwa fundi mwashi huko Tanga, na kabla sijasikia kwamba duniani kuna watu wanaojiita waashi huru, nilikuwa nimekwisha kuuona uashi wenyewe kwa macho yangu, hasa siku za kumwaga zege. Mliowahi kujenga mnaijua siku hiyo. Zege likishachanganywa halimngoji mtu, kwa hiyo watu hupangwa mstari kutoka kwenye mchanganyiko hadi juu ya ngazi, karai likapita mkono hadi mkono, likamwagwa juu, na lile tupu likarudi kwa upande wa pili. Mmoja akisimama kujifuta jasho, mstari mzima unasimama. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili niliwekwa kwenye mstari huo, nafasi ya tatu kutoka chini, kati ya watu wazima wawili ambao hawakupunguza mwendo kwa ajili yangu. Lakini yule aliyekuwa juu yangu aliinama kidogo zaidi kila karai lilipofika kwangu, ili nisilazimike kulinyanyua hadi usawa wa kichwa. Hakusema neno, wala mimi sikumshukuru. Miaka thelathini baadaye, nilipopokewa katika loji, nilikuta kule kuinama kwake kumewekewa utaratibu, vyeo na maneno ya kukariri.

Jambo ninalotaka kuwaonyesha ni hili: loji imeundwa kwa namna ambayo mtu mmoja, hata awe hodari kiasi gani, hawezi kuifanya kazi yake peke yake. Ushirikiano ndani yake hautegemei watu kuwa na moyo mzuri siku hiyo. Umo ndani ya muundo, kama vile nguvu ya ukuta ilivyo katika namna tofali linavyolalia maungio ya yale mawili yaliyo chini yake.

Muundo huo una asili. Mwaka 1598 mtu aliyeitwa William Schaw, msimamizi wa majengo ya Mfalme James wa Sita wa Uskoti, alitoa kanuni za kuwaongoza waashi wa nchi ile. Hawa walikuwa waashi wa kweli, watu wa nyundo na patasi, na kanuni zao hazina mafumbo. Fundi asimnyang'anye mwenzake kazi aliyokwisha kupatana na mwenye jengo. Mwanafunzi afungwe kwa fundi wake kwa muda usiopungua miaka 7, na baada ya hapo ipite miaka 7 mingine kabla hajapokewa kuwa fundi kamili, isipokuwa kwa ruhusa maalumu. Fundi asichukue wanafunzi zaidi ya 3 katika maisha yake yote bila ridhaa ya wenzake wa eneo lile. Na anayepokewa, jina lake na alama yake viandikwe kitabuni, maana kila mwashi alikuwa na alama yake ya kuchonga.

Kanuni ninayoipenda kuliko zote katika maandishi hayo ni ile ya jukwaa. Inasema kwamba fundi mkuu ahakikishe majukwaa na njia za kupitia zimefungwa imara, ili uzembe wake usimuumize yeyote anayefanya kazi hapo. Na akishindwa, avuliwe haki ya kusimamia jengo, na siku zote za maisha yake zilizobaki afanye kazi chini ya fundi mwingine au pamoja naye. Tazameni uzito wa adhabu hiyo. Hawakumfukuza katika uashi, wala hawakumtoza faini wakamwacha aendelee. Walimwondolea kitu kimoja tu, yaani ile hali ya kusimamia wenzake, kwa sababu alikuwa ameonyesha kwamba maisha yao hayamhusu. Mimi mtoto wa fundi, niliyewahi kuona mtu akianguka kutoka kwenye mirunda iliyofungwa kwa haraka, sijapata kusoma kanuni ya kazi iliyo na haki zaidi ya hiyo, ingawa imepita miaka zaidi ya 400.

Katika karne iliyofuata watu wasiokuwa mafundi walianza kupokewa katika loji hizo, na taratibu zana za ujenzi zikageuka kuwa zana za kufundishia tabia. Tarehe 24 Juni 1717, kwa mujibu wa simulizi tuliyorithi, loji nne za London zilikutana katika nyumba ya vinywaji karibu na kanisa la St Paul's zikaunda Loji Kuu ya kwanza, yaani chombo cha kuzisimamia loji nyingine, na mwaka 1723 ikachapishwa katiba iliyoandikwa na James Anderson. Historia hiyo ni ndefu na sitaifuata hatua kwa hatua. Ninachotaka mkione ni kile kilichobaki.

Mkiingia ukumbini mtaona viti vitatu vikubwa, mashariki, magharibi na kusini. Anayekalia cha mashariki ni Mkuu wa loji, na shingoni mwake kinaning'inia kipimo cha pembe mraba, kile ambacho maseremala wetu wanakiita guni. Wa magharibi ni Msimamizi wa kwanza, naye anavaa pimamaji. Wa kusini ni Msimamizi wa pili, naye anavaa timazi. Nilipoviona vitu hivyo kwa mara ya kwanza nilitabasamu, kwa sababu nilimkumbuka marehemu baba. Yeye alivibeba vyote vitatu katika mfuko mmoja, na alikuwa akituambia kwamba ukuta ulionyooka kwa pimamaji lakini ukapinda kwa timazi utaanguka tu, na utaanguka siku ambayo watu wamekwisha kuhamia. Hapa loji imefanya jambo la makusudi. Imevichukua vipimo vitatu ambavyo jengo haliwezi kukosa hata kimoja, ikavigawa kwa watu watatu. Mkuu mwenye guni hana timazi. Akitaka kujua kama kazi imesimama wima, lazima amgeukie mwenziwe.

Na hugeuka kweli, kwa sauti, kila kikao. Kabla loji haijafunguliwa, Mkuu huuliza na wasaidizi wake hujibu mmoja baada ya mwingine: nafasi yako iko wapi, na kazi yako ni ipi? Shemasi anataja ujumbe anaoupeleka na anayempelekea. Mlinzi wa ndani anataja mlango wake. Mlinzi wa nje hawezi kuitaja kazi yake mwenyewe, kwa kuwa yuko nje, lakini inatajwa na wengine ili asisahaulike. Tena mlango hauhakikishwi na mtu mmoja. Wa ndani hubisha, wa nje hujibu kwa kubisha, ndipo taarifa inapita kwa Msimamizi hadi imfikie Mkuu. Mgeni angeweza kuona kwamba ni mzunguko mrefu kwa jambo dogo kama kufunga mlango. Mimi naona kwamba katika ofisi nyingi nilizofanya kazi, migogoro yetu mingi ingekwisha kama kila Jumatatu asubuhi kila mtu angesimama aseme mbele ya wenzake nafasi yake iko wapi na kazi yake ni ipi. Wazee wa loji wana usemi wa kale: watatu huitawala, watano huishika, saba huikamilisha. Hakuna usemi wa mmoja.

Sasa niwaambie kuhusu mazoezi, maana hapo ndipo ninapoupenda udugu huu zaidi. Sherehe zetu hufanywa kwa maneno ya kukariri, mengine marefu ya kurasa kadhaa, na anayeyasema hana karatasi mkononi. Kwa hiyo zipo jioni za kujifunza ambazo hazina mgeni wala chakula, ni watu tu wenye mashati yao ya kazini, wamechoka, wanarudia sentensi moja mara sita. London kuna loji ya mazoezi inayoitwa Emulation, iliyoanza mwaka 1823, na anayeweza kuongoza sherehe pale bila kukumbushwa hata neno moja hupewa kisanduku cha viberiti kilichotengenezwa kwa madini ya fedha. Ni zawadi ndogo, na watu wameihangaikia miaka na miaka.

Lakini mimi nimejifunza zaidi kutoka kwa wale wanaokumbushwa. Tulikuwa na mzee wetu mmoja ambaye kumbukumbu ilikuwa imeanza kumtoka. Alikuwa na fungu lake moja la maneno, labda mistari kumi na miwili, ambalo alikuwa amelisema kwa miaka mingi, na kila aliyepokewa alilisikia kutoka kinywani mwake. Ulipofika wakati ule mgumu, hakuna aliyependekeza apokonywe. Ndugu aliyekaa kushoto kwake alijifunza fungu lote, na kila mzee aliposimama kulisema, yeye aliegemea mbele kidogo, akiyatamka maneno kwa midomo bila sauti. Mzee alipokwama alimtazama pembeni, akaliokota neno, akaendelea. Mtu mpya aliyekuwa amesimama katikati hakugundua kitu. Nilikuwa nimeketi upande wa pili nikiiona midomo ile, na nikakumbuka lile karai na yule mtu wa Tanga aliyeinama.

Kuna utaratibu mwingine ambao watu wa nje hawaujui, na ningependa viongozi wetu wa vyama vya ushirika na kamati za shule wautazame. Mkuu wa loji huchaguliwa kwa kura ya siri na hukaa mwaka mmoja. Katika loji zinazofuata katiba ya Loji Kuu ya Uingereza, kama zetu, hawezi kuendelea zaidi ya miaka miwili mfululizo bila kibali maalumu. Kabla ya kufika pale kwa kawaida amekwisha kupita chini: amehudumu mezani, amelinda mlango, amekuwa shemasi, amekuwa Msimamizi. Akishatoka haendi nyumbani. Anakaa karibu na Mkuu mpya mwaka mzima ili amsaidie anapokwama, na baada ya hapo mara nyingi utamkuta amerudi kwenye kazi ndogo, akipokea makoti ya wageni au akisaidia kumhudumia mgonjwa. Anayejua kwamba mwaka kesho atakuwa chini ya yule anayemwamuru leo, huamuru kwa ulimi mwingine kabisa.

Hata kuingia ni kazi ya watu wengi, na hapa naomba nitumie dakika chache kwa ajili ya vijana waliopo. Mmeyaona yale matangazo kwenye nguzo za umeme na jumbe za simu zinazosema jiunge na Frimasoni upate utajiri, tuma ada ya usajili kwa namba hii. Wapo watu waliouza pikipiki zao wakatuma fedha. Ni wizi, na unaniuma kwa sababu unawachukulia maskini akiba yao kwa kutumia jina letu. Anayeomba kuingia katika loji lazima apendekezwe na mwanaloji mmoja na aungwe mkono na mwingine, watu wanaomjua na wanaoweka heshima yao rehani. Huhojiwa ana kwa ana. Halafu loji nzima hupiga kura kwa gololi, nyeupe za kukubali na nyeusi za kukataa, na nyeusi tatu zinamzuia. Kanuni za loji yenyewe zinaweza hata kupunguza idadi hiyo. Hakuna mtu mmoja, awe Mkuu wa loji au tajiri wa mji, mwenye uwezo wa kumwingiza mtu kwa simu. Na akishaingia, ndiye atakayelipa ada, loji haimlipi. Marehemu Jayantilal Chande, ambaye wengi mlimfahamu kama Sir Andy Chande, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1928 na kulelewa Bukene, aliziongoza loji za Afrika Mashariki kwa miaka mingi bila kuuficha uanachama wake, na utajiri wake ulijulikana ulikotoka: vinu vya kusaga nafaka na kazi ya familia yao.

Mtauliza, watu wa dini mbalimbali na vyama mbalimbali wanashirikianaje bila kugombana? Kwa kanuni kavu kabisa: mabishano ya dini na ya siasa hayaruhusiwi ndani ya loji. Kila anayeingia lazima amwamini Mungu, na kila mmoja hula kiapo juu ya kitabu anachokiamini, Kurani, Biblia, Gita au kingine. Kuhusu njia ya kumwendea Mungu, loji haina la kusema. Najua zipo dini zinazowakataza waumini wao kujiunga nasi, na mwenye kuitii dini yake katika hilo namheshimu.

Sitakuwa mkweli nikiwaacha na picha ya watu ambao siku zote walishirikiana. Mwaka 1751 waashi huru wa London, wengi wao Wairishi, waliunda Loji Kuu yao nyingine, wakidai kwamba ile ya kwanza imeacha desturi za kale, na kwa miaka 62 pande hizo mbili zilishindana. Mapatano yalipofikiwa tarehe 27 Desemba 1813, upande mmoja ukiongozwa na mtoto wa mfalme na mwingine ukiongozwa na ndugu yake, ilibidi iundwe loji maalumu ya upatanisho, ambayo ilifanya kazi hadi mwaka 1816 ikichambua maneno ya kila upande hadi wapate yale wanayoweza kuyasema pamoja.

Lipo kosa zito zaidi ya hilo. Mwaka 1775, mjini Boston, mtu mweusi aliyeitwa Prince Hall na wenzake 14 walipokewa katika loji ya jeshi iliyokuwa chini ya Loji Kuu ya Ireland. Wazungu wenye loji mjini hawakuwakubali kama ndugu. Prince Hall na wenzake waliandika London, wakapewa hati ya mwaka 1784 ya kuunda African Lodge, na kutoka hapo ukakua mti mzima wa Frimasoni ya Wamarekani weusi. Loji Kuu ya Uingereza ilikuja kuitambua rasmi Loji Kuu ya Prince Hall ya Massachusetts mwaka 1994. Hesabuni wenyewe. Watu waliokuwa wakivaa pimamaji shingoni, chombo kinachotufundisha kwamba binadamu wote wako usawa mmoja, walihitaji zaidi ya karne mbili kukisoma. Ninalisema mbele ya ndugu zangu wa loji kwa sababu nalihesabu kuwa deni, na deni halipunguzwi kwa kutolitaja. Wanawake pia loji zetu haziwapokei. Uingereza wanazo loji zao wenyewe tangu mwaka 1908, na zinafanya kazi kama tunayoifanya sisi. Binti yangu ameniuliza juu ya hilo mara nyingi, na bado sijampa jibu linalomtosha.

Kuhusu misaada nitasema machache, kwa kuwa sipendi kupiga ngoma juu ya sadaka. Mwaka 1788 daktari wa meno aliyeitwa Bartholomew Ruspini aliwaunganisha wanaloji wa London wakaanzisha shule ya mabinti wa wenzao waliofariki au kufilisika, na shule hiyo ipo hadi leo. Katika miaka ya karibuni wanaloji wa London walichanga pauni milioni 2 ili huduma ya helikopta za wagonjwa ya jiji lao ipate helikopta ya pili. Fedha hizo hukusanywa senti kwa senti mezani baada ya vikao. Karibu na nyumbani zaidi, kila loji ina ndugu mmoja ambaye kazi yake ni kujua nani anaumwa, nani amefiwa, mjane gani paa lake linavuja. Hatangazi. Anaandika majina katika daftari dogo na anazunguka, na akirudi huwaambia wenzake kiasi gani kinahitajika bila kusema kwa nani, isipokuwa pale inapolazimu.

Nimekaribia kumaliza, na chakula kinanukia. Mtakapotoka hapa kwenda kuuona ukumbi, wengi wenu mtakimbilia kile kiti cha mashariki mpige picha, na hakuna kosa. Lakini kabla hamjavuka kizingiti, angalieni kushoto. Kipo kiti cha kawaida cha mbao, na upanga umelazwa juu yake. Hicho ni cha mlinzi wa nje. Sherehe zote tunazozifanya ndani yeye hazioni. Anasikia mabisho ya mlango na kuimba kwa mbali, na kazi yake ni kukaa pale mpaka wa mwisho atoke. Mwaka huu anayekikalia ni mtu aliyekwisha kuwa Mkuu wa loji yetu mara mbili. Ndiye aliyewafungulia geti mlipofika, akawaonyesha pa kuegesha magari. Yuko huko nje hata sasa, nami nimemwekea sahani yake.